MGUU USIOSIKIA MAUMIVU, NANI ATAUSEMEA?

 

Leo nataka tutafakari pamoja swali ambalo waumini kadhaa wamekuwa wakiniuliza baada ya ibada, tena wanauliza kwa sauti ya chini kama jambo la aibu. Ni swali la mguu. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari anaambiwa na muuguzi kwamba kila jioni aketi chini, aoshe miguu yake, aikaushe, aitazame kidole kwa kidole, na asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba yake. Naye anajiuliza: mbona mguu hauniumi? Kuutazama kila siku mguu usiouma, si ni kumtilia Mungu mashaka? Na mwingine anauliza lililo zito kuliko hilo: nikija mahali pa maombi, ambapo sote tunavua viatu kwa kuwa nchi ile ni takatifu, nifanye nini? Nimtii Mungu au nimtii muuguzi?

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe, maana hatuwezi kuamua haki ya jambo tusilolijua. Zamani tuliuhesabu ugonjwa wa sukari kuwa wa matajiri wa mjini, wanaokula nyama na kunywa bia kila siku. Siku hizi unawapata wavuvi, wauza ndagala, wakulima wa muhogo, na mama zetu wa kwaya. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, katika hesabu yake iliyotolewa mwaka 2025, lilisema kwamba watu wazima milioni 589 duniani wanao ugonjwa huu, na katika Afrika ni zaidi ya milioni 24, ambao wengi wao, kama 7 katika kila 10, hawajui kwamba wanao. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kutoka mwilini hadi kwenye ubongo. Huanza na ile mirefu, nayo ni ile ya vidole vya miguu. Mgonjwa husikia ganzi, au kama sisimizi wanatembea, au moto unawaka usiku. Kisha, pole pole, hasikii tena kitu. Wakati huo huo mishipa ya damu inasongwa, kidonda kinakosa damu ya kukiponya. Hata jasho la mguu hupungua, ngozi inakauka, kisigino kinapasuka kama udongo wa kiangazi, na katika ufa ule wadudu wa ugonjwa wanapata mlango.

Basi mtu huyu anakanyaga mwiba wa samaki pale ufukweni, anatembea nao siku nne. Anapita mchana juu ya mchanga uliochomwa na jua, nyayo zinaungua, yeye anazungumza na mwenzake habari za bei ya nyavu. Anaota moto usiku karibu na mafiga, kaa linamgusa, hajui. Funza anaingia chini ya ukucha na kutaga mayai kwa raha zake, maana hakuna anayejikuna. Siku ya kwanza inayompa habari ni siku ile harufu inapotoka, au mtoto anaposema, baba, mbona kuna damu kwenye mkeka?

Hapa ndipo nataka tusimame kidogo, wapendwa, kwa kuwa ubaya mwingi unaanzia hapa. Maumivu ni shahidi. Ukijikwaa kwenye jiwe, mguu wenyewe unakuambia ni jiwe gani, na siku gani, na njia ipi. Ukiulizwa kidonda hiki kimetoka wapi, unajibu mara moja. Lakini mtu ambaye shahidi wake amekuwa bubu, atajibu nini? Atasema: sikujikwaa, sikuchomwa, sikuungua, nimeamka tu nimekuta kidonda, na kila siku kinaongezeka. Anasema kweli kwa jinsi anavyojua. Na wale wanaomsikiliza, nao wanapiga hesabu yao: kama hakuumia, na kidonda kipo, basi kuna mtu. Amekanyaga dawa iliyotegwa njiani. Nani ana chuki naye? Nani aligombana naye juu ya shamba? Ndipo jina la jirani linatajwa, au la shangazi mzee asiye na mtoto wa kumtetea.

Ninyi nyote mnajua mwisho wa habari kama hizi katika nchi yetu. Kuna wazee waliofukuzwa kijijini, na kuna waliopatwa na makubwa kuliko kufukuzwa. Mimi sisemi kwamba hakuna watu wenye mioyo mibaya, wapo. Nasema kwamba kidonda cha mguu wa mgonjwa wa sukari, kisicho na maumivu na kisicho na chanzo kinachojulikana, si ushahidi dhidi ya mtu yeyote. Kutokuwa na maumivu ndiyo dalili yenyewe ya ugonjwa. Mtu akilichukua hilo na kulifanya kuwa hati ya kumshitaki jirani, amemshuhudia uongo jirani yake, ingawa hakukusudia uongo. Na amri ile haikuweka tofauti kwa yule anayeshuhudia uongo kwa kutojua wakati angeweza kujua.

Najua ninaposema hivi nakaribia shamba la manabii wetu, na mimi ni shemasi tu, kazi yangu ni kupanga mikeka na kuhesabu sadaka. Sitaki kuingia katika shamba lisilo langu. Naomba tu tusome 2 Wafalme sura ya 20. Mfalme Hezekia alikuwa mgonjwa wa kufa, alikuwa na jipu. Nabii Isaya alileta neno la Bwana kwamba atapona, na nabii yule yule, kwa kinywa kile kile, akaagiza waandae mkate wa tini na kuuweka juu ya jipu. Neno na dawa vilitoka kwa mtu mmoja, wala hakuna aliyesema kwamba tini zimepunguza unabii. Tena angalia, Isaya hakutaja jina la adui aliyelileta lile jipu. Alilitazama jipu.

Sasa nirudi kwa swali la deni. Je, mtu anadaiwa kutunza asichokisikia?

Palikuwa na daktari mmoja Mkristo, Paul Brand, aliyezaliwa India mwaka 1914 na wazazi wamisionari, akafa mwaka 2003. Kuanzia mwaka 1946 alifanya kazi Vellore, India, kati ya watu wenye ukoma. Wakati ule watu wengi, hata waganga, walidhani kwamba ukoma wenyewe unakula vidole. Yeye alitazama kwa subira, akaona sivyo. Ukoma ulikuwa unaua fahamu, kisha vidole vinapotea kwa mambo ya kila siku: kushika sufuria ya moto, kukaza kufuli iliyoshika kutu, kutembea juu ya kidonda bila kuchechemea. Vidole vingine vilikuwa vinapotea usiku tu, asubuhi havipo, na watu wakaogopa. Walipokesha wakaona ni panya. Panya walikuja kutafuna, na aliyelala hakuamka. Ikawa mgonjwa anayerudi nyumbani anapewa paka. Baadaye Brand alihamia Marekani, hospitali ya Carville, na huko akaona miguu ya watu wa sukari ikiharibika kwa njia ile ile aliyoiona Vellore. Mtu asidhani mambo ya panya ni hadithi ya India. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, mmoja wao Dkt. Zulfiqarali Abbas, waliandika habari za wagonjwa wa sukari wa Tanzania walioumwa miguu na panya wakiwa usingizini.

Lakini jambo la Brand lililonigusa zaidi ni hili. Yeye na wenzake walijaribu kutengeneza maumivu ya bandia. Waliweka vifaa vidogo katika glavu na viatu, ili mgonjwa akikaza sana au akikanyaga vibaya, mlio upigwe sikioni kumwonya. Kazi ile ilichukua miaka na fedha nyingi. Haikufaulu, na sababu mojawapo haikuwa ya mashine. Mgonjwa akiwa na kazi anayotaka kuimaliza, alisikia mlio, akaendelea. Hata walipobadili mlio kuwa mshtuko wa umeme, kuna aliyeuzima mtambo, akamaliza kazi yake, akauwasha tena. Walikuwa watu wenye akili, walijua kabisa maana ya ule mlio. Walijua, lakini hawakulazimishwa. Maumivu ya kweli hayakuombi ruhusa, yanakuangusha chini hata kama una haraka. Ujuzi unashauri tu, na shauri unaweza kuliambia ngoja kesho.

Kwa hiyo, wapendwa, mimi naona ni ukali usio wa haki kumwambia mgonjwa wa sukari, tulikuambia, mbona hukujitunza? Mzee aliyevua usiku kucha na taa, amerudi alfajiri, amekula bugali lake, anataka kulala. Mguu hausemi kitu. Sisi wenye miguu inayosema tusijisifu kwamba tunaitunza, tunalazimishwa. Yeye anatakiwa kufanya kwa hiari, kila siku ya maisha yake, kile ambacho sisi tunakifanya kwa kupiga kelele. Deni ni lake, ndiyo, mwili ni wake na ni hekalu. Lakini ni deni ambalo mtu mmoja peke yake halipi vizuri. Linahitaji saa maalum ambayo haijadiliwi, kama saa ya maombi, na linahitaji jicho la mtu wa pili. Katika Walawi 13, mtu mwenye alama ya ngozi hakuachwa ajitazame mwenyewe na kujiamulia. Aliletwa kwa kuhani, kuhani akatazama, na baada ya siku saba akatazama tena. Kutazama ngozi ya mwenzako ilikuwa kazi ya madhabahu.

Hapo najua nitaletewa habari za mfalme Asa. Kila ninapozungumza juu ya jambo hili, lazima atokee ndugu na 2 Mambo ya Nyakati 16. Asa, katika mwaka wa 39 wa kutawala kwake, alishikwa na ugonjwa wa miguu, ukawa mkali sana, naye hakumtafuta Bwana bali waganga, akafa. Ndugu wanasema, umeona? Ni miguu hasa! Sawa, nimeona. Lakini tuisome sura nzima, tusianzie katikati. Asa alikuwa amechukua fedha na dhahabu katika nyumba ya Bwana akazituma Shamu kununua urafiki wa vita. Alipokemewa na mwonaji Hanani, alimtia gerezani, na baadhi ya watu wake akawaonea. Mtu huyu alikuwa amekwisha kumfunga nabii kabla mguu wake haujauma. Kosa linaloandikwa ni kwamba hakumtafuta Bwana. Kama andiko lingekuwa linakataza mganga, Paulo asingemtaja Luka kwa Wakolosai kama tabibu mpendwa. Angemwambia aache kazi.

Na kuna andiko jingine la mguu, ambalo sisikii likitajwa katika mabishano haya. Shetani alipompandisha Bwana Yesu juu ya kinara cha hekalu, alimletea Zaburi ya 91, ile ahadi ya malaika wanaomchukua mtu mikononi asije akajikwaa mguu katika jiwe. Ahadi ni ya Mungu, ni ya kweli, na inahusu mguu. Mjaribu aliitumia kumshawishi mtu ajitupe chini. Bwana alikataa. Basi anayemwambia mgonjwa wa sukari, vua viatu, tembea mpaka mlimani, kama una imani hutachomwa, ajiulize sauti ile ameisikia wapi.

Tuje kwenye viatu, maana hapo ndipo penye mgogoro. Kuvua viatu si desturi ndogo kwetu. Tumeipokea kutoka kwa Musa katika Kutoka 3 na Yoshua katika sura ya 5. Makanisa mengi yaliyoinuliwa na Mungu katika Afrika yanaishika: Wakimbangu wanavua viatu wanapokanyaga Nkamba, Wapostolo wa Johane Maranke, ambao kanisa lao lilianza mwaka 1932 katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, wanasali pekupeku nje chini ya mbingu. Mimi naipenda desturi hii. Tajiri na maskini wakivua viatu, huwezi kujua tena nani ni nani. Yule aliyekuja na viatu vya ngozi kutoka Kalemie na yule aliyekuja na kandambili zilizoshonwa kwa waya wanasimama sawa katika mavumbi. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema ni mambo ya zamani, tuyaache.

Lakini Daudi na watu wake walipokuwa na njaa, walikula mikate ya wonyesho ambayo ilikuwa halali kwa makuhani tu, na Bwana Yesu mwenyewe alilitaja jambo hilo katika Marko 2 kuwa si hatia. Mikate haikuacha kuwa mitakatifu. Kilichotokea ni kwamba haja ya mwili ilikuwa ya kweli, na utakatifu wa Mungu haukuwa mdogo kiasi cha kuogopa haja hiyo. Musa aliambiwa avue viatu ili akaribie kwa heshima. Hakuambiwa avue ili aungue. Uwanja wetu wa maombi mnaujua: mawe madogo, miiba ya kiangazi, na saa saba mchana ardhi inachoma hata sisi tunaosikia. Sisi tunarukaruka na kutafuta kivuli. Yeye anasimama pale pale akiimba, kwa kuwa hakuna kinachomfukuza.

Wengine wanaogopa kwamba akiruhusiwa mmoja, kesho watakuja kumi wenye viatu na kila mmoja atasema ana sukari. Hofu hiyo si ya kipumbavu. Si kazi yangu kuamua, wazee wa kanisa ndio watakaoamua, ila natoa wazo: mgonjwa awe na viatu vyake vya ibada, vyepesi, vilivyofunika vidole, vilivyooshwa, ambavyo havikanyagi soko wala choo. Avae na soksi nyeupe ndani. Soksi nyeupe inapatana na kanzu zetu, tena ina faida ambayo wauguzi wanaipenda: usaha au damu ikitoka, inaonekana siku hiyo hiyo. Na yule ndugu wa mlangoni anayelinda viatu asimfokee mbele za watu. Kuna waliofokewa wakavua kwa aibu, na wengine hawakurudi ibadani.

Kuhusu kufunga, nitasema neno moja tu, maana linahitaji ukurasa wake: mwenye kuchoma sindano ya insulini au kumeza vidonge vya sukari asianze kufunga bila kuongea na anayemtibu, kwa kuwa sukari inaweza kushuka ghafla akazimia.

Sasa ile kazi ya jioni yenyewe. Waumini wanaiogopa kama kitu cha hospitali, kumbe vyombo vyake viko katika kila nyumba ya Kazimia: beseni, sabuni ya kipande, kitambaa safi, taa. Maji yawe ya uvuguvugu, na anayeyapima asiwe mguu wa mgonjwa. Tumia kiwiko, au mkono wa mtu mwingine, maana mkono wa mgonjwa nao unaweza kudanganya. Kuosha ni dakika chache, si kuloweka. Mguu ukilowekwa sana ngozi inalainika na kupasuka. Kisha kukausha, na hapa wengi wanakosea kwa haraka: kati ya vidole ndipo unyevu unapobaki, ndipo ukurutu unapoanza, kwa hiyo kitambaa kipite kati ya kila kidole. Mafuta yapakwe juu na chini na kwenye kisigino, yasiwekwe kati ya vidole. Mawese yetu yanalainisha ngozi vizuri, lakini yana harufu ya chakula, na tumesema habari za panya. Mimi napendelea vaselini ile rahisi ya sokoni. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya mkeka au godoro kinazuia mbu na kinamsumbua panya pia.

Kutazama ndiyo kazi kubwa. Juu, chini, kisigino, pembeni, kati ya vidole, chini ya kucha. Unatafuta nini? Ufa, lengelenge, wekundu, uvimbe, sehemu yenye joto kuliko nyingine, funza, rangi nyeusi, unyevu, harufu. Kucha zikatwe moja kwa moja bila kuchimba pembe zake. Na wembe, tafadhali. Najua jinsi tunavyopenda kuchonga sugu za miguu kwa wembe tukiwa tumekaa barazani tunapiga soga. Kwa mgonjwa wa sukari wembe ule ni hatari, kwa kuwa mkono unaochonga unangoja maumivu ili ujue mahali pa kusimama, na maumivu hayaji. Sugu ipelekwe kwa muuguzi.

Viatu visivaliwe kabla ya kuingiza mkono ndani na kupapasa. Jiwe dogo, msumari uliochomoza, kifuniko cha soda alichokitumbukiza mtoto, mtu anaweza kutembea navyo mpaka jioni. Wengi wetu tunavaa viatu vya mitumba, ambavyo vimekwisha kujifunza mguu wa mtu mwingine. Basi ukienda kununua, nenda alasiri, wakati mguu umevimba kidogo. Kabla ya hapo simama juu ya kipande cha katoni, mtu akuchoree mguu wako kwa kalamu, ukate. Karatasi hiyo ikiingia katika kiatu bila kujikunja, kiatu kinakufaa. Ikijikunja, acha, hata kama ni kizuri, hata kama bei ni ndogo.

Na kidonda kikionekana? Kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifunikwe kwa kitambaa safi, na mtu aende kituo cha afya siku ile ile, bila kungoja siku ya soko. Majivu hayafai, tumbaku haifai, dawa ya meno haifai, unga wa betri haufai, na unga wa kidonge cha antibiotiki unaomwagwa juu ya kidonda haufiki unakotakiwa. Asikikanyagie kidonda, atembee kwa fimbo, abebwe kwa baiskeli au pikipiki. Hili ndilo gumu, maana mguu hauumi, na yeye ana nguvu za kwenda shambani. Kila hatua inakiponda kile kidonda upya. Mguu ukivimba, ukawa mwekundu au mweusi, au homa ikaingia, hiyo si safari ya kesho tena. Maombi yafanyike njiani. Nasema hivi bila mzaha, nimekwisha kuona maombi ndani ya boti yakiwa na moto kuliko ya uwanjani.

Kuna na kipimo ambacho kila familia inaweza kukifanya. Katika hospitali wanagusa wayo kwa uzi wa nailoni, unaofanana na ule wa ndoana zetu, ukijipinda kidogo, kuona kama mgonjwa anasikia. Lakini mwaka 2011 madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza, walionyesha njia isiyohitaji kifaa. Mgonjwa anafumba macho. Mtu mwingine anamgusa kwa ncha ya kidole cha mkono, kwa wepesi, bila kusukuma wala kupapasa, kwenye kidole gumba cha mguu, kile cha katikati na kile kidogo cha mwisho, mguu wa kuume na wa kushoto, sita kwa jumla. Kila akiguswa aseme. Asipotambua miwili au zaidi, mguu umeanza kuwa bubu, na ni lazima kuanzia jioni hiyo usemewe na wengine.

Sisi huoshana miguu katika kanisa kwa kumbukumbu ya Yohana 13. Nimekuwa nikishika lile beseni kwa miaka, na nimeona tunavyofanya: maji yanamwagwa, taulo inapita, tunaenda kwa anayefuata, macho yetu yako kwenye kitabu cha nyimbo. Nimewaomba mashemasi wenzangu kwamba mwaka huu tuinamishe macho pia. Anayeona kidonda asitangaze. Amwambie mwenyewe kando, kisha amwambie na mtu wa nyumbani kwake.

Limebaki swali la akina mama, ambalo ni la haki. Mama mmoja ameuliza: baba mkwe wangu anaishi kwetu, ni mjane, ana sukari, na kwa desturi zetu mimi siwezi kumshika mkwe wangu mguu, hata kumwangalia miguu ni kumkosea adabu. Mume wangu yuko ziwani usiku, mchana amelala. Nani amtazame? Jibu langu ni kwamba desturi ya mkwe iheshimiwe, kwa kuwa mzee akivunjiwa heshima hatakubali kutazamwa na mtu yeyote. Mama achemshe maji, ayapoze, aweke beseni na taa, aondoke. Mjukuu aingie. Kwetu mjukuu na babu ni watani, hakuna aibu kati yao, anaweza kumshika babu vidole huku wakicheka. Mtoto wa miaka tisa au kumi aliyefundishwa mara mbili au tatu anaona ufa mdogo kuliko mimi na miwani yangu. Afundishwe neno moja tu la kumpelekea mama yake baada ya kutazama, ama mzima, ama kuna kitu.